Mlinzi Aliyewafungia Nje Wenye Nyumba

Ninachotaka kuwasimulia hakuna atakayekiamini, na sitamlaumu mtu. Hata mimi, kama nisingekuwepo, ningesema huyu mzee kaanza kuota mchana. Ni habari ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, ambaye nusura afukuzwe kazi na kuitwa msaliti kwa sababu ya mlinzi aliyemweka mlangoni yeye mwenyewe. Mlinzi asiye na miguu, asiye na kofia, asiyesinzia wala kuomba chai.

Nyumbani tunamwita Nukta. Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa mdogo, maana alikuwa mtoto wa maneno machache: unamwuliza jambo refu, anajibu neno moja, mazungumzo yamekwisha. Sasa ni mwanamke mzima mwenye miwani, na ana kazi ambayo mama yake hadi leo anashindwa kuwaeleza majirani. Dada anasema tu, "Anafanya mambo ya kompyuta." Mambo ya kompyuta! Ni sawa na kusema daktari anafanya mambo ya watu.

Mimi nitawaeleza vizuri, kwa sababu ingawa mimi na shule tuliachana mapema, tena kwa amani, kichwa hiki sikupewa cha kuvalia kofia tu. Nukta anatengeneza kurasa za mtandao, upande ule wa mbele unaoonekana na mteja. Mashine zilizojificha nyuma zina watu wengine. Yeye ni wa kitufe unachobonyeza, picha inayoteleza, maandishi yanayojipanga upya ukilaza simu. Anaandika kwa lugha tatu. Ya kwanza inasema hapa pana mlango. Ya pili inasema mlango huo ni wa bluu, una upana huu, na kwenye simu ndogo usogee chini. Ya tatu inasema ukigongwa, nani afungue na aseme nini. Mimi ni fundi wa kufuli, kwa hiyo habari ya milango naielewa kuliko wengi wenye vyeti ukutani.

Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo lenye ofisi yao. Wao wako juu, mimi niko chini, na hapandi mtu nisivijue viatu vyake. Saa ya chakula Nukta hushuka na kompyuta, hukalia stuli yangu ya pili, anatafuna huku anafanya kazi. Hata haya ninayaandika kwenye kompyuta yake. Yeye yuko hapa pembeni, bakuli mapajani, anajifanya hasomi.

Basi, ofisi yao ilikuwa na mteja, daktari wa meno. Mzee mkali huyo, aliyezoea kuongea na watu waliofungua midomo ambao hawawezi kumjibu. Nukta alimtengenezea ukurasa mzuri: huduma zake, saa za kazi, ramani ya kufika, na kitufe cha kuweka miadi. Kisha daktari akahama. Akaacha vyumba vyake karibu na kituo cha mafuta, akaenda mtaa mwingine kwenye nafasi kubwa zaidi. Na vile vyumba alivyoviacha, vikachukuliwa na nani? Na daktari mwingine wa meno! Kijana, kiti kipya, taa mpya, na mlangoni kaandika "Karibuni" bila jina lolote. Sasa niambieni, mtu mwenye nia njema anaandika "Karibuni" bila jina? Mgonjwa ambaye jino linampiga nyundo hasomi kibao. Anaona kiti, anakaa.

Nukta akabadili ukurasa. Anwani mpya, ramani mpya, namba mpya ya simu. Akauweka hewani, akaufungua mwenyewe, akauona safi, akamjulisha mteja kwamba kazi imekamilika.

Kesho yake daktari akapiga simu ofisini, sauti ikasikika mpaka kwenye ngazi.

"Mbona bado mnawapeleka wagonjwa wangu kwa yule kijana?"

Alikuwa ameufungua ukurasa kwenye simu yake. Anwani ya zamani. Ramani ya zamani. Mkewe naye akafungua kwenye yake: ya zamani.

Bosi wao ni mama mmoja ambaye kila mtu anamwita Madam, na nasikia hata mumewe. Madam akachukua simu yake, akafungua: anwani ya zamani. Akatoka ofisini kwake, akasimama nyuma ya kiti cha Nukta.

"Nionyeshe."

Nukta akafungua: mpya.

Madam akaangalia simu yake tena: ya zamani. Akaangalia kompyuta ya Nukta: mpya. Mfagiaji wa ofisi yao aliniambia kwamba Madam alizitazama zote mbili kama mtu anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka.

"Kwako mpya, kwetu sote ya zamani," akasema. "Wewe unanionyesha ukurasa gani?"

"Huohuo, Madam."

"Huohuo haiwezekani."

Nukta akashuka kwangu uso umemshuka. Nikamwambia, lete jina la ukurasa huo nami nijaribu. Nikaufungua kwenye simu yangu, hii yenye kioo kilichopasuka, ambayo sikuwahi kufungulia ukurasa wa daktari wa meno maana meno yangu ni ya chuma. Ikatoka anwani mpya. Tukafurahi. Nukta akapanda mbio kumwambia Madam kwamba kuna simu nyingine inaonyesha sawasawa.

"Simu ya nani?"

"Ya mjomba wangu."

Basi hapo ndipo alipojiharibia kabisa. Mtu akishatuhumiwa, shahidi wa kwanza anayemleta asiwe mjomba wake.

Kuanzia siku hiyo harufu ikabadilika pale juu. Daktari akawa anasema waziwazi: yule kijana aliyechukua vyumba vyangu amemnunua mtu wenu. Kuna mtu anaonyesha ukurasa sahihi kwa bosi na ukurasa wa uongo kwa wagonjwa. Madam hakusema hivyo. Madam alisema maneno ya baridi zaidi: daktari anakuja Ijumaa asubuhi, na kama hadi hapo hakuna maelezo ya kueleweka, Nukta akusanye vitu vyake, na atakapoulizwa na ofisi nyingine sababu ya kuondoka, yeye Madam hatadanganya.

Mnaelewa uzito wake? Fundi wa kufuli akisemwa mara moja tu kwamba alibaki na ufunguo wa mteja, amekwisha. Anaweza kuuza karanga. Na fundi wa kurasa ni hivyohivyo. Mtu anakukabidhi mlango wake wa mbele.

Nukta akatafuta. Akaangalia faili kule linakotunzwa: jipya. Akaangalia nani amegusa kazi hiyo: majina mawili tu yenye ruhusa ya kuweka kitu hewani. Lake, na la Msanii.

Huyu Msanii ni mwenzake, kijana anayechagua rangi na sura za herufi. Anatembea kama mtu asiyetaka viatu vyake vijue kwamba anatembea. Toka siku ya kwanza sikumpenda. Anapita kibandani kwangu anasema "Shikamoo mzee" kwa upole mno, upole wa mtu anayekagua kufuli yako. Nikamwambia Nukta, "Mwanangu, ni huyo."

"Hapana."

"Wewe unamtetea kwa nini?"

"Simtetei. Sijui."

Na hapo, nitasema ukweli, nami nikaanza kumwangalia mpwa wangu kwa jicho la pembeni. Viatu vipya vile alivitoa wapi? Kwa nini anageuza kompyuta kidogo nikisogea? Nikamwuliza, kwa sauti ya chini, "Nukta, mimi ndiye niliyekufundisha kuendesha baiskeli. Niambie. Hujala cha mtu?"

Akaacha kutafuna. Akaniangalia tu. Kisha akafunika bakuli lake, akapanda juu, na mchana ule hakushuka tena. Stuli ya pili ikabaki inaniangalia kama dada yangu.

Basi nikaamua nitalimaliza mwenyewe. Alhamisi Msanii akashuka ngazi kabla ya saa ya chakula, mkono shavuni, anaangalia simu, anaangalia barabara, anaangalia simu. Nikashusha pazia la kibanda, nikamfuata. Nawaambia, mimi kufuata mtu ni kipaji. Ningekuwa na shule kidogo ningekuwa mpelelezi. Akapita duka la vioo, akakata kona, akafika karibu na kituo cha mafuta, akasimama mbele ya mlango wenye kibao cha "Karibuni," akatazama nyuma. Nikajifanya nasoma bango la vipuri vya pikipiki. Akaingia.

Damu ikanichemka! Nimemkamata mwizi na ufunguo mkononi!

Nikarudi mbio, nikampigia Nukta simu, nikamwambia ashuke. Akashuka, bado kaninunia, kompyuta kwapani. Nikamwaga yote: mlango, kibao, kutazama nyuma. Akakaa kwenye stuli polepole.

"Aliingia mwenyewe?"

"Kwa miguu yake miwili."

Akavua miwani akaifuta, na nikaona macho yake yamelowa. Si kwa hasira. Yeye na Msanii walikuwa wanacheka pamoja, wanaazimana chaja. Unajua ni bora kuibiwa na mtu usiyemjua.

Msanii akatokea. Shavu limevimba, pamba mdomoni. Nikamzibia ngazi.

"Kijana, umetoka wapi?"

"Kung'oa jino, mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa yule mteja wetu." Akatema pamba kidogo kwenye karatasi ili aweze kusema. "Nilisema nimuunge mkono. Ila jamani, mnamsingizia bure. Mnasema mzee mkali, mbona ni kijana mpole tu, kanipa na mto wa kuwekea kichwa?"

Nikabaki mdomo wazi, hata angeweza kuning'oa na mimi. Nukta akasimama.

"Nani alikuelekeza pale?"

"Ukurasa wetu. Si huu hapa?" Akatoa simu. Anwani ya zamani, ramani ya zamani, na kitufe chake kizuri cha bluu.

"Lakini ramani mpya umeichora wewe!" nikamwambia. "Hukuona hii siyo?"

"Mzee, mimi napewa ramani naipaka rangi. Aliyekupakia rangi kibanda anajua namba ya mtaa wako? Halafu jino likiuma hata rangi huzioni."

Nukta akaichukua ile simu, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, kando ya kompyuta yake. Simu: ya zamani. Kompyuta: mpya. Nikainama katikati nilinganishe kwa macho yangu, lakini kwenye kompyuta sikuona vizuri, maana nusu ya chini ya kioo ilikuwa imejaa yale maandishi yake madogomadogo ya rangi rangi. Hayo ni maandishi ya droo. Mafundi wa kurasa wana droo ya vifaa ndani ya kivinjari chenyewe, ile programu ya kufungulia kurasa. Wakiivuta inafunguka chini ya ukurasa, na humo wanaona kila mfupa wa ukurasa, wanapima, wanajaribu rangi, wanatafuta makosa. Nukta hiyo droo yake haifungi. Anakula imefunguka, anaongea na mama yake imefunguka.

"Hii droo inaziba ramani," nikasema, nikabonyeza alama ya kuifunga.

"Mjomba! Usiguse!"

Imeshafungwa. Akanisukuma mkono, akaupakia ukurasa upya.

Ikatoka anwani ya zamani.

Msanii akasahau jino lake. Nukta akafungua droo, akapakia upya: mpya. Akafunga droo, akapakia upya: ya zamani. Akafungua. Mpya. Akafunga. Ya zamani. Nikatazama nyuma ya kompyuta kama kuna mtu.

"Ni mlinzi," akasema.

"Mlinzi gani? Nani kamweka?"

"Mimi."

Akatueleza, na kwa mtu kama Nukta yale yalikuwa mahubiri. Zamani kidogo, wakati anautengeneza ukurasa, daktari alilalamika kwamba wagonjwa wenye mtandao dhaifu wanasubiri mpaka jino linapona. Nukta akaandika kijiprogramu kidogo kinachokaa ndani ya simu ya mgonjwa, mlangoni. Mgonjwa akifungua ukurasa mara ya kwanza, mlinzi anaweka nakala. Mara ya pili mgonjwa akija, mlinzi hamsumbui kwenda mbali. Anampa nakala ileile palepale, hata kama hakuna mtandao. Kasi ya ajabu. Daktari alifurahi. Ila kuna sharti: kila ukurasa unapobadilika, fundi abadili namba ya mlinzi, ili simu za watu zijue mlinzi mpya ameingia zamu na nakala za zamani zitupwe. Nukta alibadili anwani, akabadili ramani, akabadili simu. Namba ya mlinzi hakuigusa. Kwa hiyo mlinzi akaendelea kutii amri ya zamani, mwaminifu kupita kiasi, anawapa watu karatasi kuukuu kwa heshima zote.

"Na kwako mbona mpya?" akauliza Msanii.

Nukta akaonyesha alama moja ndogo ndani ya droo. Alipokuwa anamjaribu mlinzi, aliweka alama ya kupita bila kumwuliza. Na alama hiyo inafanya kazi droo ikiwa wazi tu. Naye droo yake haijawahi kufungwa. Yaani muda wote huo mwenye nyumba alikuwa akiingia kwa mlango wa uani, anashangaa kwa nini wageni wanasema mlango wa mbele una shida. Ndiyo maana simu yangu iliona mpya: haikuwahi kukutana na yule mlinzi.

"Samahani," Nukta akamwambia Msanii. "Nilikudhania."

"Unidhanie mimi? Mimi niliyempelekea adui jino langu mwenyewe?" Akashika shavu. "Usinichekeshe, inauma."

Kwangu hakusema samahani, na mimi kwake nilijikohoza tu. Nikamsogezea stuli. Akaikalia.

Ijumaa asubuhi daktari akaja na uso wa mtu aliyekuja kung'oa bila ganzi. Nukta alikuwa amekwisha kubadili namba, akamwagiza mlinzi mpya asisubiri zamu, aingie na atupe nakala zote za zamani. Bahati nzuri siku hiyo kitasa cha mlango wa Madam kilihitaji fundi. Nilikuwepo.

Nukta akaeleza. Daktari akamsikiliza huku amekunja mikono.

"Mlinzi," akasema daktari. "Asiyeonekana. Ndani ya simu yangu."

"Ndiyo, daktari. Fungua ukurasa sasa."

Daktari akafungua. Akageuza simu Madam aone. Anwani ya zamani!

"Si mnaona?" akanguruma. "Hata leo! Mbele yangu!"

Madam akamwangalia Nukta, na mkono wake ukaenda kwenye kalamu. Bisibisi yangu nikaiacha kwenye kitasa.

"Funga," akasema Nukta. "Fungua tena."

"Mchezo gani huu?"

"Mara ya kwanza mlinzi mpya anapokelewa, lakini ukurasa ulishatolewa na yule wa zamani. Mara ya pili anatoa yeye. Fungua tena, tafadhali."

Daktari akafunga. Akanusa hewa. Akafungua. Anwani mpya, ramani mpya, namba mpya. Akaisogeza simu karibu na macho, kisha mbali. Madam akafungua yake: ya zamani. Akafunga, akafungua: mpya. Hakuna aliyetoka chumbani, na hakuna mwingine aliyegusa simu zao.

"Kwa hiyo hakuna aliyenunuliwa," akasema Madam.

"Hakuna. Nilisahau namba. Kosa ni langu."

Daktari bado alikuwa na mashaka yake. "Na huyo mlinzi mpya," akauliza, "nani anamsimamia yeye?"

"Mimi. Na droo ikiwa imefungwa."

Madam akarudisha kalamu mezani. Tangu siku hiyo wana utaratibu pale ofisini: hakuna anayeruhusiwa kusema kazi imekamilika mpaka afunge droo na aufungue ukurasa kwenye simu isiyo yake, tena mara mbili. Nukta hakukusanya kitu chochote. Kiti chake ni kilekile.

Sasa mnauliza, na mimi je, niliyeifunga ile droo? Kusema kweli sipendi kujisifu. Lakini daktari aliposikia ni kidole cha nani kilichobonyeza, aliinuka, akavuka chumba, akanikumbatia mbele ya ofisi nzima, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona akili ya namna hii, akaniomba nikubali awe ananiangalia meno bure mimi na ukoo wangu, na Madam, mama mkali yule, machozi yakimtiririka, akanivutia kiti chake mwenyewe akaniambia kuanzia leo mjomba hapa ndipo utaka—

"Mjomba," Nukta ananikatiza hapa pembeni. "Wewe ulikuwa nje, unachungulia kwenye tundu la kitasa."